Kutumia kompyuta kuu ukiwa mbali na mtandao unasuasua

Mkuu, umeuliza utatumiaje kompyuta kuu (supercomputer, ile yenye nguvu kubwa ya kukokotoa) ya kituo cha mbali ukiwa Mbeya, mtandao ukikatika kila mara. Kwanza waulize kama wameweka Open OnDemand, programu ya bure iliyoanzia Ohio, Marekani: unaingia kwa kivinjari tu, unapandisha mafaili, unatuma kazi. Amri za kuandika utazijua taratibu.

Umeme usikutishe, kazi ikishaingia kwenye foleni ya Slurm, programu inayopanga kazi za watumiaji kwenye kompyuta kuu, inaendelea hukohuko hata laptopu yako ikizima. Kinachotesa kweli ni data. Usishushe matokeo yote, chuja na uchore grafu kulekule, kisha ushushe picha. Faili kubwa lipitishe kwa rsync, amri ya kunakili mafaili kati ya kompyuta, ukiiongezea --partial. Likikatika, unarudia amri ileile na linaendelea lilipoishia.

Akaunti iombe mapema, tena kupitia msimamizi wako.