Usiiache hiyo Three Men in a Boat, ruka kurasa tu

Mdogo wangu umesema umeanza Three Men in a Boat ya Jerome K. Jerome, umefika katikati hujacheka na unaona ni mambo ya wazungu wa kale. Nakuelewa, kitabu ni cha 1889, lakini usikiache bana, nakipenda sana hiki.

Kwanza jua kwamba mwandishi alikusudia kuandika kitabu cha safari za mto Thames kule Uingereza, vichekesho vikaja vikamzidi nguvu, ndo maana unakuta jamaa yuko kwenye utani mara anakuletea habari za wafalme na makanisa kwa lugha ya kupamba mpaka unasinzia. Hizo ruka, mimi naruka na sioni nimepoteza kitu.

Halafu nenda sura ya 12, pale kwenye kopo la nanasi. Msimulizi na rafiki zake wawili wa botini, Harris na George, wana njaa, kifungulio hakuna, Harris anajaribu na kisu kinavunjika na kumkata, George anachukua mkasi nusura umchome jichoni, mwisho wanalipiga kwa jiwe na mlingoti wa boti mpaka kopo linapondeka kila upande ila kufunguka halifunguki! Harris analitupa mtoni kwa hasira. Hapo uzamani uko wapi, si ndo sisi kabisa.

Na usome kwa sauti, ukiwa na mtu pembeni, kidogo kidogo. Utani wake unajengwa taratibu, sentensi ndefu ndefu, ukisoma mbiombio kama meseji utaupita tu. Mtandaoni kipo bure, haki zake zilishaisha.