Homa siku ya sita, macho mekundu bila tongotongo

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka miwili ana homa siku ya sita. Malaria haikuonekana, antibiotiki amebadilishiwa mara mbili. Macho mekundu, midomo imepasuka. Jirani anasema ni surua. (Mama, Morogoro)

Marahaba mama. Mpeleke leo kwa daktari wa watoto. Surua huja na mafua, kikohozi na macho ya machozi. Homa ya siku tano au zaidi, macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo kupasuka, ulimi mwekundu wenye chembechembe, vipele, viganja na nyayo kuvimba, tezi ya shingoni: hapo nawaza ugonjwa wa Kawasaki, ambao huvimbisha mishipa ya damu. Antibiotiki hazifui dafu. Dalili hupokezana, kwa hiyo taja hata zilizokwisha. Angalia pia kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Likiwa jekundu na limevimba, mwonyeshe daktari. Wengi wetu tunalisahau.

Kawasaki si pikipiki? (Bodaboda, Tanga)

Pikipiki ipo, lakini jina hili ni la Dkt. Tomisaku Kawasaki wa Tokyo. Mgonjwa wake wa kwanza, mvulana wa miaka 4, alimwona mwaka 1961. Taarifa ya watoto 50 akaichapisha mwaka 1967.

Wangu homa imeshuka yenyewe. Si amepona? (Baba, Mombasa)

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Homa hushuka hata bila dawa, ilhali mtoto 1 kati ya 4 wasiotibiwa hubaki na mishipa inayolisha moyo imetanuka kama puto, na damu huweza kuganda humo. Imunoglobulini (kingamwili kutoka damu ya wachangiaji) kwa dripu, ndani ya siku 10 tangu homa ianze, hupunguza hatari hadi takriban 1 kati ya 20. Ni dawa ghali na haipo kila hospitali, ndiyo maana rufaa ya kesho hunikera. Wako apimwe moyo kwa ultrasound hata sasa.

Mdogo wake alale naye? (Baba huyohuyo)

Alale. Hauambukizi.

Tumepewa aspirini, bibi yake amekataa katakata. (Mama, Dodoma)

Kwa homa za kawaida bibi yuko sahihi, watoto hawapewi. Hapa inazuia damu kuganda, kwa kipimo cha daktari. Akipata mafua makali au tetekuwanga akiwa bado anatumia aspirini, mrudisheni haraka. Chanjo ya surua nayo husubiri miezi 11 baada ya dripu ya imunoglobulini. Tarehe ya dripu iandikwe kwenye kadi ya kliniki, nesi aione.