Maswali ya Wasomaji: Karabini ya Kwanza, na Mahali Risasi Inapoishia

SWALI: Jambo sana Baba Fundi. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Kampemba hapa Lubumbashi, na nina shamba la mahindi na miwa kwenye barabara ya Kasenga. Kanga na sungura wako, na simbiliki, wale panya wakubwa wa miwa, wananimalizia shamba. Nimeanza kufuata karatasi za silaha. Binamu yangu anayefanya biashara Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anasema nichukue karabini ya 22 Magnum inayojipakia yenyewe, na juu yake darubini ya 6-24x50, ili nisijutie baadaye. Sijawahi kumiliki bunduki. Nichukue ipi?
Msomaji wa Kampemba

JIBU: Jambo, ndugu yangu, na asante kwa kuniuliza kabla ya kulipa. Wengi huja kwenye meza yangu bunduki ikiwa imekwisha kununuliwa, na hapo kazi yangu inabaki kuirekebisha tu.

Umeniuliza kuhusu bunduki na darubini. Mimi naanza na shamba lako. Barabara ya Kasenga si pori tupu. Wako wachoma makala, wako watu wanaokata miti, na mvua zikinyesha akina mama na watoto wamo msituni wanatafuta uyoga, wameinama kwenye majani ambako huwezi kuwaona hata ukisimama mita 60 kutoka kwao. Sasa chukua risasi ya 22 Long Rifle, ile ndogo kabisa. Ina uzito wa gramu 2.6 hivi, na watu huidharau. Lakini ikirushwa juu kidogo inaweza kwenda hadi kilomita moja na nusu, na ikifika huko bado inaweza kumwumiza mtu. Ile ya Magnum inakwenda mbali zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kalibre, yaani ukubwa wa risasi na mtutu, tembea shambani na uchague mahali risasi itakapoishia kila mara unapofyatua.

Katanga tumepewa kitu kizuri kwa kazi hiyo: kichuguu. Vile vikubwa vya msitu wa miombo, vinavyopita kimo cha nyumba, ni ukuta wa udongo usiopitwa na risasi ndogo. Mnyama akiwa chini na kichuguu au mteremko wa udongo uko nyuma yake, fyatua. Akiwa kwenye ukingo wa kilima na nyuma yake ni anga tu, shusha mtutu. Na wakati wa kiangazi, ardhi nyekundu ikikauka kama tofali, risasi inayoigonga kwa pembeni huruka tena ikashika njia nyingine. Kanga aliye juu ya tawi si wa karabini kamwe. Nalisema hili kwa nguvu zote, kwa sababu ndilo kosa ninalolisikia likisimuliwa kwa furaha.

Kama unachotaka hasa ni kanga anaporuka au anapolala mtini, basi karabini si jibu. Tafuta bunduki ya marisau ya kalibre 12, yenye marisau madogo. Marisau ya namba 6 huua vizuri hadi mita 30 au 35, na yanayokosa huanguka ndani ya mita 250 hivi. Kwa shamba lililozungukwa na watu, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Lakini kwa sungura anayekula pembeni ya mahindi asubuhi, na kanga wanaochakura chini, karabini ni chombo safi, na kwako nasema 22 Long Rifle ya kuvuta kwa mkono: unainua mpini, unavuta komeo nyuma, ganda linatoka, unasukuma, risasi nyingine inaingia. Risasi hiyo imekuwepo tangu mwaka 1887, na kati ya risasi zote za aina yake ndiyo inayotengenezwa kwa wingi zaidi duniani. Haina teke la kukutisha begani, na hilo kwa mtu anayeanza ni jambo zito, kwa sababu anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo haimtoki kirahisi.

Magnum, ambayo Winchester waliitoa mwaka 1959, hurusha risasi ya uzito uleule kwa karibu mita 570 kwa sekunde, wakati 22 ya kawaida inatoka kwa mita 320 hadi 380. Kwa kanga wa kilo moja na ushee nguvu hiyo ni ya kupasua nyama tu. Risasi zake ni ghali zaidi, na risasi ghali maana yake mazoezi machache. Na usije ukadhani ukinunua karabini ya Magnum utaweza kuilisha risasi za kawaida siku zile zinapokosekana. Magnum ni nene zaidi kwenye ganda, chumba chake, pale risasi inapokaa ndani ya mtutu, ni kingine. Binamu yako anakutakia mema, lakini anakuchagulia bunduki ya mtu anayepiga mita 100 na zaidi. Wewe hupaswi kupiga mita 100 mwaka huu.

Kuhusu inayojipakia yenyewe: Ruger 10/22, iliyopo tangu 1964, ni bunduki nzuri, sina neno baya juu yake. Ila kwa mwanafunzi, risasi ya pili ikiwa tayari kidole hakitulii. Anapiga ya kwanza vibaya, anafukuzia ya pili na ya tatu huku mnyama anakimbia na mtutu unazunguka upande usiotazamwa. Ile ya mkono inakulazimisha kusimama na kufikiri. Tena haichagui risasi: zile za polepole, zisizo na kelele nyingi na mara nyingi zenye shabaha zaidi, zinafanya kazi bila shida, wakati zinazojipakia nyingine hukwama nazo.

Majina? CZ 457 ya Wacheki ni chaguo langu la kwanza, na ndugu yake mzee CZ 452 ukiipata na karatasi safi usiiache. Savage Mark II ni ya bei ndogo na inapiga vizuri. Kuna pia zile za zamani za Herstal, Ubelgiji, hasa FN Trombone ya kuvuta mkono wa mbele, iliyotengenezwa kuanzia 1922 hadi 1974. Zilifika na walowezi, na bado zinatokea kwenye mashamba ya zamani. Nazipenda sana hizo kwa mikono ya kazi waliyoifanya Wabelgiji, lakini tazama ndani ya mtutu kwa taa kabla ya kutoa hata dola moja. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili zimekula mitutu mingi iliyolazwa bila mafuta.

Ukiishika yoyote, fanya hivi. Hakikisha haina kitu ndani, simama, fumba macho, ipandishe begani kama unavyojisikia, kisha fumbua. Jicho liwe tayari nyuma ya darubini, picha imejaa, bila kunyoosha wala kukunja shingo. Ikibidi ujipinde, kitako si cha kimo chako. Karabini ya bei ndogo inayokukaa ni bora kuliko ya thamani inayokusumbua. Na usifyatue tupu dukani kwa kujaribu, maana sindano ya 22, ile inayogonga risasi ili iwake, hugonga ukingo wa chumba na kuuharibu. Weka ganda lililotumika.

Sasa darubini. Ile 6-24x50 iache kabisa. Namba za kabla ya x ndizo ukuzaji, na ya baada yake ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukuzaji ukianzia 6 utaona kipande kidogo cha dunia: utamtafuta sungura kwenye majani, na ukimpata keshaondoka. Tena ukuzaji mkubwa unakuonyesha kila tetemeko la mapigo ya moyo wako, nawe unaanza kupigana na msalaba wa kulengea ulio ndani ya kioo badala ya kufyatua. Na jambo ninaloliogopa zaidi: unaona mnyama mkubwa na wazi, huoni kilicho kando yake wala nyuma yake.

Chukua 4x32 isiyobadilika, au 3-9x40 na uiache kwenye 4. Gawanya 40 kwa 4 upate 10: huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni, milimita 10, na mboni ya jicho gizani haifunguki zaidi ya 7 hivi. Kwenye 9 unabaki na milimita 4 na kidogo, ndiyo maana alfajiri picha inakuwa nyeusi ukikuza sana.

Muulize muuzaji neno moja ambalo wengi hawaulizi: darubini hii imepangwa kwa umbali gani? Za bunduki kubwa hupangwa kwa mita 90 au zaidi. Ukiitumia kwa mita 30, msalaba unaelea juu ya mnyama kila jicho likisogea, na risasi inakwenda pembeni bila wewe kujua sababu. Za 22 hupangwa kwa mita 45 hivi. Nunua hiyo. Na pete za kuifungia zilingane na bunduki: karabini nyingi za Ulaya zina juu yake reli nyembamba ya milimita 11, na pete za reli pana ya milimita 21 hazitaishika. Nimepokea bunduki ambazo wenyewe walilalamika kwamba darubini ni mbovu, kumbe pete zilikuwa zinatembea.

Kuipatanisha darubini na mtutu: weka karatasi mita 25, nyuma yake kichuguu, laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Piga tatu bila kubadilisha chochote. Usihukumu kwa risasi moja, tafuta katikati ya tatu. Darubini nyingi husogea robo ya dakika ya pembe (si ya saa) kwa kila mlio wa kitufe cha kurekebishia: hiyo ni milimita 1.8 kwa mita 25, na 3.6 kwa mita 50. Ukipiga sentimita 4 chini kwa mita 25, hesabu milio 22 kwenda juu. Kisha hamia mita 50 na umalizie hapo. Jaribu aina mbili au tatu za risasi, maana kila mtutu una risasi yake unayoipenda. Ikiwa umepatanisha mita 50, ujue kwamba mita 75 risasi imeshuka sentimita 5 au 6, na mita 100 zaidi ya 15. Kwenye kanga hiyo ndiyo tofauti kati ya shingo na mguu, na kanga aliyevunjwa mguu anakufa siku nyingine, mbali, bila faida kwa mtu yeyote.

Mpaka wako utauchora mwenyewe. Chora duara la sentimita 4. Ule umbali ambao unaweza kuweka risasi tano mfululizo ndani yake, ukiwa umekaa au umepiga goti bila mfuko wa mchanga, ndio mwisho wako kwa mnyama hai. Kwa wanaoanza mara nyingi ni mita 30 hadi 40, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Karatasi ni mbili, usizichanganye. Kibali cha silaha kinatokana na sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na kibali cha kuwinda kinatokana na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Ukiwa na cha kwanza peke yake, hujaruhusiwa kumpiga hata kwale. Uliza kwenye huduma ya mazingira ya mkoa msimu umefunguliwa au umefungwa, na wanyama gani wamelindwa. Kakakuona usimguse kabisa, na Upemba na Kundelungu ni hifadhi za taifa, hakuna mjadala. Karabini ya kupitishwa Kasumbalesa chini ya magunia ya unga, hata ikiwa nusu bei, ikatae mbele ya binamu yako.

Na simbiliki wako? Nikuambie ukweli: karabini haitaokoa miwa. Wanatembea zaidi usiku, ndani ya majani mazito, na kuwinda usiku kwa taa kumekatazwa. Fyeka ukanda mpana wazi kuzunguka miwa yote, na uudumishe hivyo. Hawapendi kuvuka mahali peupe.

SWALI: Jambo Baba. Mume wangu huleta sungura na kanga waliopigwa na karabini. Mara nyingine natafuna kipande cha chuma. Watoto wanaweza kula?
Mama wa Katuba

JIBU: Mama, umefanya vizuri kuuliza. Risasi nyingi za 22 ni madini ya risasi yenyewe, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na mama mjamzito. Inapogonga mfupa inavunjika, na baadhi ya vipande havionekani kwa macho. Kata na utupe nyama yote iliyoingia damu nyeusi kuzunguka tundu, kwa upana wa kiganja, na kama sehemu hiyo ni kifua chote, basi kifua chote. Mbwa pia usimpe. Usiipike na ndimu au siki kabla ya kukata, kwani uchachu huyeyusha madini hayo. Mwambie baba alenge kichwa na shingo, na kama hawezi kuvipata basi asogee karibu au asipige. Zipo pia risasi za shaba zisizo na madini hayo. Ni ghali, na huenda zisikae vizuri kwenye mtutu wake, lakini kwa nyumba yenye watoto ningezijaribu.

SWALI: Baba Fundi, nilifunga darubini nzuri ya karabini kwenye bunduki ya upepo ya springi. Baada ya muda msalaba umelegea ndani. Bunduki ndogo hivyo imeivunjaje?
Kijana wa Likasi

JIBU: Springi hupiga teke mara mbili, kwanza nyuma kisha mbele, na darubini za karabini zimejengwa kuhimili la nyuma tu. Hilo la mbele ndilo lililolegeza vioo. Nunua iliyoandikwa wazi kwamba ni ya bunduki ya upepo, na kwenye reli weka kizuizi nyuma ya pete ili zisiteleze. Iliyovunjika usiilipie matengenezo. Gharama yake itakaribia bei ya mpya.