Kujua picha ilipigwa lini kwa IrfanView

Ndugu, nimekuelewa: fundi anakutumia picha za msingi wa nyumba yako, nawe unataka kujua kama kweli zimepigwa wiki hii, lakini IrfanView, programu ya kutazama picha kwenye kompyuta, inakuonyesha tarehe ya leo tu.

Tarehe hiyo ni ya faili kuingia kwenye kompyuta yako. Fungua picha, bonyeza herufi I, kisha chini ya kidirisha bonyeza kitufe cha EXIF, yaani taarifa ambazo kamera huandika ndani ya faili la picha. Tafuta mstari wa DateTimeOriginal; utasomeka mfano 2024:03:09 16:42:10, yaani mwaka, mwezi, siku, halafu saa. Huo ndio wakati wa kupiga.

Kitufe kikiwa kimefifia, hakibonyezeki, usihangaike na programu. Mara nyingi picha imepitia WhatsApp kama picha ya kawaida, na WhatsApp hufuta taarifa hizo. Kwa hiyo usimhukumu fundi bado! Mwombe atume upya kama dokumenti, faili halisi kutoka kwenye simu yake. Kama simu iliruhusiwa kurekodi mahali, utaona na GPS, uhakikishe ni kiwanja chako.

Ila tarehe hufuata saa ya simu, na taarifa hizi mtu anaweza kuzibadilisha. Kama pesa ni nyingi, tuma ndugu unayemwamini akaangalie. Mkifikia kushtakiana, hifadhi faili asili bila kuihariri na umwone wakili mapema.

Na wewe pia, picha za nyumbani kwako usizigawe ovyo kama dokumenti. GPS yake inaonyesha unapoishi.