Wasomaji Wauliza: Wafalme, Watahini na Nathari ya Kichina cha Kale

Ndugu Mhariri, nasoma fasihi linganishi. Tumefundishwa kwamba uandishi wa Kichina cha kale uligeuka kila utawala ulipogeuka. Je, ni kweli mfalme akitoa amri, waandishi hubadili mtindo? (Mwanafunzi, Dodoma)

Mtindo uligeuka, lakini amri peke yake ilifanya kazi ndogo kuliko vitabu vingi vinavyodai. Tazama mwaka 584. Mfalme Wen wa nasaba ya Sui alikuwa ameshika kaskazini ya China na miaka mitano baadaye angeiteka kusini pia. Mtindo uliotukuzwa wakati ule, hasa katika ikulu za kusini, ulikuwa nathari sambamba: sentensi huenda jozi jozi, mara nyingi vipande vya herufi 4 na 6, nomino ikielekezana na nomino, kitenzi na kitenzi, na toni za sauti zikipishana. Ni mtindo mzuri kusikiliza, ila ripoti ya ukame ikiandikwa hivyo, msomaji atafika mwisho bila kujua ni magunia mangapi yamepungua. Wen akaamuru hati zote, za serikali na za watu binafsi, ziseme mambo yalivyo. Mwaka uleule mkuu wa jimbo la Sizhou, Sima Youzhi, alikabidhiwa kwa wasimamizi wa adhabu kwa sababu waraka wake ulijaa mapambo.

Mapambo hayakuisha. Nasaba ya Tang iliyofuata iliendelea kutoa matangazo ya ikulu kwa nathari sambamba. Sababu ni kwamba makarani wote walikuwa wamelelewa katika mtindo huo, na amri ilikataza bila kuweka kiolezo kingine mezani. Wala aliyeandika kwa uwazi hakupata cheo kwa ajili hiyo. Ukitaka kujua mtindo utaelekea wapi, chunguza mtihani wa kuingia serikalini.

Kwa nini washairi wa Tang ni wengi hivyo? (Msomaji, Zanzibar)

Mtihani ni sehemu kubwa ya jibu. Mwaka 681 utungaji uliongezwa katika mtihani wa juu, uitwao jinshi, na katika karne ya 8 sehemu hiyo ikawa shairi pamoja na fu, utungo mrefu wenye vina. Shairi la mtihani lilikuwa na mistari 12, kila mstari herufi 5. Kwa kuwa kila herufi ni silabi moja, hizo ni mizani 5 kamili. Kina kilikuwa kimoja, na jozi za katikati zililazimika kuwa sambamba. Aliyekosea kina alianguka hata kama mawazo yake ni mazito. Mashairi yenyewe ya mtihani hayasisimui, na machache tu yanasomwa kwa mapenzi leo. Faida yake ni kwamba kila kijana aliyetaka kazi serikalini alijifunza ufundi wa vina na toni tangu utotoni.

Han Yu anasifiwa kuwa ndiye aliyeua nathari sambamba. Alifanyaje? (Mwalimu, Bujumbura)

Hakuiua. Han Yu (768–824) alikulia katika dola iliyovunjwa mgongo na uasi wa An Lushan wa miaka 755 hadi 763. Aliamini kwamba ili kuirudisha dola kwenye maadili ya Confucius, lazima pia kurudi kwenye nathari ya kale: sentensi zenye urefu usiolingana, hoja mbele, kila neno likibeba mzigo wake. Mtindo huo huitwa guwen. Mwenzake Liu Zongyuan aliutumia vizuri mno kusini, alikopelekwa uhamishoni baada ya kundi lake la mageuzi kuanguka mwaka 805. Lakini mtihani haukubadilika, na baada ya kifo chao nathari sambamba ikatawala tena.

Ushindi ulikuja mwaka 1057, chini ya nasaba ya Song. Mtahini mkuu alikuwa Ouyang Xiu. Utaratibu wa wakati huo ulikuwa mkali: jina la mtahiniwa hufunikwa, kisha makarani hunakili karatasi nzima ili mwandiko usitambulike. Msahihishaji alibaki na mtindo na hoja tu. Ouyang aliwaangusha wote walioandika kwa maneno ya ajabu ajabu yaliyopendwa wakati huo katika chuo cha taifa. Walioanguka walimzingira barabarani akiwa juu ya farasi, wakapiga kelele hata askari wa doria wakashindwa kuwatuliza. Mwaka huohuo walifaulu Su Shi, mdogo wake Su Zhe, na Zeng Gong, watatu kati ya waandishi wanane wanaohesabiwa kuwa wakuu wa nathari ya Tang na Song. Ndani ya miaka michache mtindo wa mtihani ulikuwa umegeuka. Kazi ambayo Wen wa Sui hakuiweza kwa adhabu, Ouyang aliifanya kwa alama.

Mwaka 1071 waziri Wang Anshi alikwenda mbali zaidi, akaondoa kabisa shairi na fu katika jinshi na kuweka insha za kufafanua vitabu vitukufu. Huo ndio mzizi wa insha ya miguu minane, yaani insha ya mtihani yenye aya nane zinazokwenda jozi jozi, na nadhani Wang hakuiona ikija.

Mimi ni ofisa wa halmashauri. Je, kuna mfalme aliyepanga namna ya kuandika barua za kiofisi? (Kigoma)

Yupo: Zhu Yuanzhang, mwasisi wa nasaba ya Ming, mtoto wa wakulima maskini. Mwaka 1373 alipiga marufuku nathari sambamba katika nyaraka za ikulu, na tofauti na Sui, alitoa violezo: waraka mmoja wa Han Yu na mmoja wa Liu Zongyuan. Mwaka 1376 ofisa Ru Taisu alimpelekea waraka wa herufi 17,000. Mfalme akasomewa, na herufi 6,370 zikapita bila ombi lolote kutajwa. Akaamuru Ru apigwe. Usiku uliofuata akasomewa sehemu iliyobaki, akakuta mwishoni mapendekezo matano ndani ya herufi 500 hivi, na manne yalitekelezeka. Akayatekeleza, kisha akatoa utaratibu wa nyaraka unaokataza maneno ya kujaza nafasi. Kiboko ni ukatili usio na udhuru. Utambuzi wake kuhusu waraka ulikuwa sahihi: ombi liwe juu, sababu zifuate.

Insha ya miguu minane ina viungo gani, na watahiniwa walianguka wapi? (Mwalimu wa lugha, Mombasa)

Ilikomaa katika enzi ya Chenghua (1465–1487). Mada ni maneno yaliyochukuliwa katika Vitabu Vinne vya mapokeo ya Confucius, na maana inayokubalika ni ile ya mfafanuzi Zhu Xi tu.

Kwanza ni kuvunja mada, kwa sentensi mbili. Wang Ao, bingwa wa insha hizi, alipewa mada isemayo kwamba watu wakiwa na vya kutosha, mfalme atapungukiwaje? Aliivunja kwa herufi 10: watu wakishatajirika chini, mfalme hutajirika juu. Mada nzima imesemwa upya bila kurudiwa. Kisha huja kuipokea mada, sentensi tatu hadi tano, halafu utangulizi wa hoja. Kuanzia utangulizi mwandishi huvaa sauti ya mzee wa kale anayesema katika kitabu. Baadaye ndipo jozi nne za aya sambamba, yaani miguu minane: ya kuanza, ya kati, ya nyuma na ya kufunga. Mguu wa pili wa kila jozi lazima ulingane na wa kwanza kwa muundo lakini uisogeze hoja mbele. Wengi walishindwa hapo, wakasema jambo lilelile mara mbili.

Makosa mengine yalikuwa matatu. La kwanza ni kutaja matukio ya baada ya zama za mzee anayesemewa. La pili ni kudokeza maneno yaliyo kabla au baada ya mada kitabuni. Watahini walikata sentensi katikati makusudi ili kutega hapo. La tatu ni urefu: kuanzia mwaka 1778 kikomo kilikuwa herufi 700.

Mfalme alipata nini? Karatasi nyingi zinazosahihishika kwa kipimo kimoja, na wasomi wasiothubutu kutoka nje ya Zhu Xi. Hata hivyo siiiti takataka. Kijana maskini mwenye vitabu vichache aliweza kushindana, na nidhamu ya kuvunja mada kwa sentensi mbili ingewafaa waandishi wengi wa leo. Ilifutwa mwaka 1663 chini ya Kangxi, mfalme wa nasaba ya Qing iliyofuata Ming, na ikarudishwa 1668. Ilifutwa kwa mara ya mwisho kwa amri ya 1901, na mtihani wenyewe mwaka 1905. Soko la mtindo huo likafa hapo: mwaka 1920 wizara ya elimu iliagiza madarasa mawili ya kwanza ya shule za msingi yatumie lugha ya kawaida ya mazungumzo.

Nina nakala ya maandishi ya Kichina isiyo na tarehe. Nitaikadiriaje? (Msomaji, Muscat)

Tafuta herufi za jina la mfalme, ambazo zilikuwa mwiko. Chini ya Tang, neno *min*, watu, liliepukwa kwa sababu ya Li Shimin, mfalme wa pili wa nasaba hiyo, na *ren* likawekwa badala yake. Chini ya Qing, *xuan* liliepukwa kwa sababu ya Xuanye, yaani Kangxi. Utakuta *yuan* mahali pake, au *xuan* iliyokosa mkato wa mwisho. Orodhesha herufi zote zilizoepukwa, kisha mtafute mfalme wa mwisho kati ya wenye majina hayo: nakala haiwezi kuwa ya kabla yake. Kosa la kawaida ni kupima kwa herufi moja tu. Mchapaji wa baadaye huweza kunakili mwiko wa zamani kama alivyoukuta, kwa hiyo linganisha pia karatasi na umbo la chapa.