Hesabu za uwezekano: simulia kwanza, kanuni baadaye

Ujumbe uliingia Jumapili usiku, kutoka kwa mwanafunzi wa kidato cha sita huko Arua, mji nilikokulia: "Kaka, kanuni zote nimezikariri. Lakini nikifungua swali la uwezekano sijui nizidishe au nijumlishe. Mwalimu anasema nifanye mazoezi. Nafanya, na bado."

Matokeo yetu ya muhula yametoka juzi hapa Makerere, nami nimepata A katika nadharia ya uwezekano. Sioni aibu kulitaja hilo, nimelihangaikia. Kwa hiyo namjibu mdogo wangu huyu mbele ya wote, maana najua mko wengi mnaotaka kusoma takwimu, uchumi au bima, na hapa ndipo mnapokwama.

Kwanza, mazoezi peke yake hayatoshi. Ukiwa na tabia ya kuona namba na kuzirukia, kila swali unalofanya linaikomaza tabia hiyo. Kinachokosekana ni hadithi. Kabla ya kuandika kanuni yoyote, simulia kwa maneno yako kinachotokea: nini kinaanza, nini kinafuata, na mwisho swali linataka nini. Swali limeandikwa kwa Kiingereza, sawa. Wewe lisimulie kwa lugha unayonunulia nyanya sokoni.

Mfuko una gololi 5 nyekundu na 3 za kijani. Unatoa mbili bila kurudisha. Ni upi uwezekano wa kupata rangi mbili tofauti? Anayekimbilia kanuni anaandika 5/8 × 3/7, anapata 15/56, anafunga daftari. Sasa tusimulie. Naingiza mkono, natoa nyekundu, kisha katika 7 zilizobaki natoa ya kijani. Au naanza na ya kijani, kisha katika 7 zilizobaki natoa nyekundu. Umeona? Kuna njia mbili, si moja. Penye "kisha" unazidisha, penye "au" unajumlisha. 15/56 na 15/56 ni 30/56, yaani 15/28. Halafu hakikisha: nyekundu zote mbili ni 20/56, kijani zote mbili ni 6/56. Jumla 30, 20 na 6 ni 56. Hakuna kilichopotea.

Ila uwe mwangalifu na hiyo "au". Unajumlisha moja kwa moja pale tu ambapo njia hizo haziwezi kutokea pamoja. Wengi huchanganya matukio yasiyoweza kutokea pamoja na matukio yasiyotegemeana, wakidhani ni kitu kimoja. Ni vitu viwili mbali kabisa. Tuseme A ina uwezekano wa 0.3 na B 0.4. Kama haziwezi kutokea pamoja, uwezekano wa A au B ni 0.7. Kama hazitegemeani, zinaweza kutokea pamoja kwa uwezekano wa 0.3 × 0.4, yaani 0.12, na A au B inakuwa 0.7 kasoro 0.12, yaani 0.58, ili kutokea pamoja kusihesabiwe mara mbili. Namba zilezile, hadithi tofauti, jibu tofauti.

Njia hii sikufundishwa na mtu. Mwaka wa kwanza nilikaa hosteli ya Kikoni, na tulikuwa na kikundi cha kujisomea. Mimi nilikuwa naandika kila swali upya kwa Kiswahili, nachora mti wa matawi, kila tawi likiwa njia moja inayoweza kutokea, ndipo nashika kikokotoo. Wenzangu walikuwa wameshafika swali la tatu. Wakaanza kusema nawachelewesha, kwamba hayo ni mambo ya shule ya msingi. Jioni moja nikafika chumba cha kusomea nikakuta kimefungwa. Walikuwa wamehamia kwingine na hakuna aliyeniambia. Iliniuma. Nikipita pale hata leo inaniuma kidogo. Nilisoma peke yangu muhula uliobaki, na kila swali nililomaliza nililimaliza nikiwa nalielewa hadi chini. Baada ya matokeo ya juzi, wawili kati yao wamekuja kuniomba daftari langu. Nimewapa. Nanyi msikubali mtu awaambie kwamba kufanya kazi polepole ni ujinga. Anayekucheka unapochora mti wa matawi, mwache acheke, wewe chora.

Hadithi inasaidia hata kwenye yale maswali ya kipimo cha ugonjwa, yanayowatoa watu jasho: aliyeambiwa ana ugonjwa, ni upi uwezekano kwamba anao kweli? Badala ya kupambana na kanuni ya Bayes, ile inayotumika kwa maswali kama haya, chukua watu 1000. Swali linasema 5 katika 100 wana malaria. Hao ni 50. Kipimo kinawagundua 90 katika kila wagonjwa 100. Hao ni 45. Kwa wazima kinakosea mara 10 katika 100. Wazima ni 950, kwa hiyo 95 wanaambiwa wana malaria na hawana. Walioambiwa wanayo ni 140, wenye nayo kweli ni 45. Jibu ni 45/140, kama 0.32. Kanuni itakupa namba hiyohiyo, lakini sasa unajua imetoka wapi.

Variansi, kipimo cha namba zinavyotawanyika, nayo inaogopwa bure. Chukua madereva wawili wa boda kwenye steji moja. Kwa siku tano wa kwanza anapata elfu 18, 20, 22, 19 na 21. Wa pili anapata elfu 5, 40, 10, 35 na 10. Wastani wa kila mmoja ni elfu 20. Lakini mwenye nyumba anayesubiri kodi anajua hawa si watu sawa, na variansi ndiyo inayosema anachokijua. Toa wastani kwenye kila siku, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, tafuta wastani wa hayo. Wa kwanza ana 2. Wa pili ana 210. Ukitaka namba inayorudi kwenye shilingi, chukua kipeuo cha pili: kama elfu 1.4 kwa wa kwanza na elfu 14.5 kwa wa pili. Hapa nimegawa kwa 5 kwa sababu siku hizo tano ndizo zote ninazozizungumzia. Zingekuwa sampuli ya mwaka mzima, ningegawa kwa 4. Swali lisome vizuri kabla hujabonyeza kikokotoo, maana kina vitufe vya zote mbili.

Sasa tafuta variansi ya tofauti ya mapato yao. Wengi hutoa: 210 kasoro 2. Hapana. Mabadiliko ya mmoja hayafuti mabadiliko ya mwingine, kwa hiyo kama mapato hayategemeani unajumlisha, 212. Lakini usiniamini, fanya mwenyewe. Tofauti za siku kwa siku ni 13, –20, 12, –16 na 11. Wastani wake ni 0, na variansi yake ni 218. Hizo 6 za ziada zimetoka wapi? Hapa ndipo nilipoipenda takwimu kabisa. Zidisha mchepuko wa mmoja, yaani pato la siku kasoro wastani wake, kwa mchepuko wa mwenzake kila siku, jumlisha, gawa kwa 5. Unapata –3. Hiyo ndiyo kovariansi: kwa siku hizo tano, mmoja alipopanda mwingine alielekea kushuka kidogo. Kwenye tofauti, kovariansi inatolewa mara mbili, na kutoa –6 ni kuongeza 6. 212 na 6 ni 218.

Igawe –3 kwa kipeuo cha pili cha 2 × 210 upate korilesheni, namba kati ya –1 na 1 inayopima vitu viwili vinavyokwenda pamoja kwa mstari, kama –0.15. Ni ndogo sana, na kwa siku tano tu nisingejenga hoja yoyote juu yake.

Na korilesheni usiikokotoe kabla ya kuchora nukta kwenye karatasi. Mwaka 1973 mwanatakwimu Mwingereza Francis Anscombe alitoa makundi manne ya data yenye wastani uleule, variansi karibu zilezile na korilesheni ileile ya 0.816. Yakichorwa, moja ni mstari uliotawanyika kawaida, lingine ni mkunjo, la tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyopotoka, na la nne nukta zote zimesimama kwenye mstari mmoja wa wima isipokuwa moja. Chukua pia –2, –1, 0, 1 na 2, uziandike pamoja na vipeo vyake vya pili. Korilesheni ni sifuri kamili, ilhali ukiijua ya kwanza unaijua ya pili bila shaka yoyote.

Mtaniambia mtihani hauna muda wa kusimulia. Karatasi ya pili ya hesabu ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, niliyoifanya mimi ilikuwa na maswali 8 ya lazima ya alama 5 kila moja, kisha 5 ya kuchagua ya alama 12, kwa saa tatu. Dakika 180 kwa alama 100: swali la alama 5 lina dakika 9. Mimi nilizigawa hivi: 2 za kusimulia na kuchora, 6 za kukokotoa, 1 ya kuhakikisha kwamba uwezekano wote unafika 1.