Mchanga kwenye dagaa, usingizi kwenye maombi

Maswali ya safari hii mengi yametoka ufukweni hapa Kigoma. Nayajibu kama yalivyonifikia.

*Shikamoo mzee. Nauza dagaa Kibirizi. Wenzangu wanaanika chini, kisha wanapima dagaa na mchanga wake. Mteja wa mbali hagundui mpaka afike kwao. Mimi nachekecha, kisado changu kinakuwa dagaa watupu, na faida inaenda kwao. Mungu ananiona kweli?*

Marahaba, mwanangu. Anakuona. Hata mteja atakuona, ila yeye huchelewa.

Juzi juzi mke wangu alinunua kisado sokoni, si kwako. Akapepeta kwenye ungo, na mchanga uliobaki tukaupima kwa kikombe cha chai. Kikajaa, mwingine ukamwagika mezani. Tangu siku hiyo meza ya yule muuzaji tunaipita tukiisalimia tu.

Soma Amosi sura ya 8. Nabii anawakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuwauzia maskini takataka za ngano. Kinachonitisha si kipimo chenyewe, ni kwamba watu hao walikuwa wanaishika Sabato! Walikaa wakiuliza itakwisha lini wafungue maghala. Maana yake mtu anaweza kuimba kwaya asubuhi na jioni akapima mchanga, asione tatizo lolote.

Sitakuahidi kwamba ukichekecha utatajirika. Wapo wahubiri wa kukuahidi hayo. Ila anika kwenye kichanja ukiweza, pandisha bei kidogo, na umwambie mteja kwa nini. Chota dagaa kiganjani mbele yake, wasugue, umfungulie kiganja aone. Mkristo hakukatazwa kuinadi bidhaa yake.

*Mimi mvuvi wa Katonga. Jumapili narudi alfajiri, nikienda kanisani nasinzia, nikipiga magoti nyumbani nasinzia vilevile. Mchungaji ameniambia imani yangu imepoa.*

Mchungaji wako namheshimu, lakini nadhani hajawahi kuvuta wavu saa nane za usiku.

Katika Luka 5 Yesu aliwakuta wenzako wakiosha nyavu. Walikuwa wamekesha bure, na ninyi mnaijua ile hali: mikono inaosha, macho yanafumba. Hakuwauliza imani yao iko wapi. Aliingia chomboni mwa Simoni, akaomba kisogezwe kidogo kutoka nchi kavu, akaketi humo kufundisha. Aliwafuata kazini kwao. Basi nawe usingoje mkeka wa nyumbani. Kuna ule muda taa zimewashwa, mnasubiri dagaa wakusanyike chini ya mwanga, na hakuna wa kuongea. Omba hapo. Sentensi tatu zinatosha, mojawapo iwe ya shukrani.

Lakini kuna jambo sitakuficha. Mbalamwezi ikiwaka mnakaa nchi kavu, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa vizuri. Siku hizo usingizi unautoa wapi? Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana, mimi kwa ujinga wangu nilidhani mabenchi ya kanisani kwetu yatajaa wavuvi. Nilikosea sana. Kwa hiyo siku za giza nakutetea hata mbele ya mchungaji. Za mbalamwezi, jitetee mwenyewe.

*Nina kisukari. Kanisa limetangaza mfungo wa siku 21, na mwanamaombi mmoja amesema nikimeza dawa sina imani.*

Meza dawa, dada yangu. Meza leo.

Wengi hizo siku 21 wanazitoa Danieli 10. Fungua mstari wa 3: Danieli aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Hausemi kwamba hakula kabisa. Na wewe ukishinda njaa huku dawa za kisukari zinafanya kazi mwilini, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Muulize daktari wako kwanza, kisha mweleze mchungaji alichosema daktari. Ukitaka kujinyima kitu pamoja na wenzako, acha simu baada ya saa mbili usiku, au acha umbeya. Mimi niliwahi kufunga umbeya. Nilidumu siku nne.

*Naishi Ujiji. Jirani yangu Mwislamu huniletea pilau kila Idi. Mama mmoja wa jumuiya ananiambia nisile.*

Kula. Paulo aliwaambia Wakorintho wakialikwa na wasioamini wale kinachowekwa mbele yao, bila kuuliza-uliza. Swali langu mimi ni jingine: Krismasi sahani yake huwa unairudisha na nini?